Mapishi Hayazikwi: Kisa cha Matumbo ya Marehemu Mama

Siku ya tatu ya msiba wa mama yangu, nikiwa nimeketi na wanaume wenzangu chini ya turubai mbele ya nyumba yetu mjini Garissa, nilimsikia mzee mmoja wa ukoo akisema, kwa nia njema kabisa ya kumsifu marehemu, kwamba matumbo aliyokuwa akiyapika mama huyo hayataonjwa tena na mtu yeyote. Wazee waliomzunguka waliitikia kwa vichwa. Nami niliitikia. Sasa, takriban miaka mitatu baadaye, naomba nafasi katika jarida hili la chama chetu niipinge kauli hiyo, na nijipinge mimi mwenyewe niliyeiitikia.

Najua baadhi ya wasomaji watashangaa kuona matumbo yakitajwa katika kurasa ambamo wamezoea kusoma habari za ushairi, isimu na ufundishaji wa lugha. Naomba wavumilie. Suala ninalolizungumzia ni la maarifa yasiyoandikwa, jinsi yanavyorithiwa na jinsi yanavyopotea, nasi tuliojiunga na chama hiki tumedai kwa muda mrefu kwamba suala hilo ni letu.

Kwanza nieleze ni chakula gani. Katika hoteli za Garissa, kama zilivyo hoteli za Islii jijini Nairobi, nyama ya ndani inayojulikana zaidi ni maini ya asubuhi: vipande vidogo vya ini la mbuzi au la ngamia vinavyokaangwa kwa kitunguu na pilipili hoho, vikaliwa kwa anjera. Wasomali huliita ini beer, neno ambalo, lilipoonekana limeandikwa kwenye orodha ya vyakula, lilimshtua mwenzangu mmoja wa chuo aliyekuja kututembelea, akadhani mji wa Waislamu unauza kileo mchana kweupe. Chakula cha mama hakikuwa hicho. Chake kilikuwa matumbo ya mbuzi: tumbo kubwa, lile tumbo lenye kurasa kama kitabu, na utumbo mwembamba. Aliyachemsha kwa maji na chumvi tu hadi yakalainika, akayakatakata vipande visivyozidi ukucha wa kidole gumba, akayarudisha sufuriani yakauke ndani ya shahamu yake yenyewe, na mwisho akayamiminia samli. Hakutia nyanya. Hakutia dania. Hakutia hata kitunguu. Tuliyala kwa soor, ambayo ni ugali wetu, na yaliyobaki yalizamishwa ndani ya samli yakakaa siku kadhaa bila kuharibika. Anayeijua nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayoanikwa, kukatwa vipande vidogo, kukaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta au samli, ambayo Wasomali wengine huiita muqmad au oodkac, ataona mara moja kwamba mama aliyafanyia matumbo yale ambayo wafugaji huufanyia mnofu. Ni ufundi wa watu wanaohama, wasio na jokofu, na wenye maziwa mengi msimu mmoja na ukame msimu unaofuata.

Mama alizaliwa malishoni, upande wa Fafi, katika familia ya wafuga ngamia na mbuzi. Ukame wa mwaka 1984 ulipoiacha familia hiyo mikono mitupu, babu alihamia mjini na watoto wake. Mjini hakukuwa na mbuzi wa kuchinja. Kulikuwa na machinjio, na kwa akina mama wenye senti chache kulikuwa na matumbo. Hivyo basi chakula ambacho malishoni kilikuwa sehemu moja tu ya mnyama, kwa mama kiligeuka kuwa mnyama mzima.

Ipo dharau inayokizunguka chakula hiki, nayo inaniudhi. Vijana wa rika langu huona haya kumkaribisha mgeni kwa matumbo. Mgeni huandaliwa wali na mnofu, na ndizi mbivu kando ya sinia. Matumbo huliwa mlango ukiwa umefungwa. Wanaoyadharau hudai kwamba tangu jadi chakula hiki kilikuwa cha maskini na cha wanawake. Sikubali. Nilivyosimuliwa na wazee wetu, malishoni hapakutupwa kitu cha mnyama aliyechinjwa isipokuwa kile kilichokatazwa na dini, damu inayotiririka ikiwa ya kwanza. Ini na wengu, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa madrasa, vimehalalishwa kwa kutajwa. Aibu hii tumeiokota mjini, pale mnofu ulipoanza kupimwa kwa kilo na bei yake kugeuka kipimo cha heshima ya mtu.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kuwa naimba ule wimbo wa "mwacha mila ni mtumwa". Msemo huo umetumiwa mno katika insha zetu, mimi nikiwa mmoja wa waliouchosha. Mama mwenyewe aliacha mila nyingi. Alitupeleka shule badala ya kutupeleka nyuma ya mbuzi, na majirani walipopatwa na uchungu wa uzazi yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza waende hospitalini. Hakuwa mtumwa wa yeyote. Mimi sikuanza kupika matumbo kwa kuogopa utumwa. Nilianza kwa sababu baba alikuwa hali.

Baba yangu ni mzee wa maneno machache. Baada ya msiba alirudia shughuli zake, akaenda msikitini, akapokea wageni, lakini sahani yake ilirudi jikoni kila siku kama ilivyotoka. Wali aliuchokonoa. Maini ya hotelini aliyarudisha. Jioni moja ya Ramadhani, nikiwa likizoni, alisema bila kumtazama mtu, "Mama yenu angepika matumbo." Kisha akaomba maji. Mama hakujaaliwa binti. Sisi tulikuwa wavulana watatu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka kizingiti cha jiko isipokuwa kwenda kuchukua kaa la moto.

Jaribio langu la kwanza nililifanya mbali na nyumbani, katika chumba nilichopanga karibu na chuo, nisije nikachekwa. Nilinunua matumbo ya ng'ombe, nikayakaanga kwa kitunguu, nyanya, dania, vitunguu saumu na viungo vya paketi. Wenzangu waliyala yote na kuyasifu. Yalikuwa matamu kweli. Lakini yalikuwa matumbo ya Nairobi, na baba angeyarudisha. Jaribio la pili nililifanya Garissa, safari hii bila kiungo chochote, nikidhani siri ya mama ilikuwa katika kutotia. Nikapata kitu cheupe, kigumu, chenye harufu ya zizi. Kaka yangu alionja kipande kimoja, akatoka nje kimyakimya. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini yule mzee wa turubai.

Aliyeniokoa ni habaryar, yaani mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye amefanya biashara ndogondogo sokoni kwa miaka mingi na ambaye Kiswahili chake cha soko kina nguvu kuliko changu cha darasani. Nilipomwendea na mfuko wa matumbo mabichi mkononi alinitazama kwa muda. "Habaryar," akaniita, kwa kuwa kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile la udugu ambalo mdogo humwita yeye, "mwanamume jikoni anatafuta nini?" Nikamjibu kwamba natafuta matumbo ya mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi leta kisu."

Mwanzoni nilimuuliza maswali ya mtu aliyesoma. Chumvi kiasi gani? "Ya kutosha." Yachemke kwa muda gani? "Mpaka yaive." Moto uwe mkali kiasi gani? Hapo alicheka. Nilikuwa na daftari mapajani na kalamu hewani, na ukurasa ulikuwa mweupe. Baadaye ndipo nilipotambua kosa langu: mama hakuwa na vipimo, basi habaryar angevitoa wapi? Alichokuwa nacho mama ni utaratibu. Nikaacha kuuliza "kiasi gani", nikaanza kuuliza "kisha akafanya nini?" Daftari likajaa.

Alianza na maji. Tumbo la mbuzi halitiwi katika maji yanayochemka, kwa sababu ule utando wa ndani hushikamana na nyama na hauparuziki tena. Huingizwa katika maji ya moto ambayo kidole kinaweza kuyagusa na kuondoka mara moja, likageuzwageuzwa, likatolewa na kukwanguliwa kwa ubavu wa kisu. Mimi nilikuwa nimelitosa katika maji yanayotokota. Ndiyo sababu ya harufu ya zizi. Utumbo mwembamba hupinduliwa ndani-nje kwa kijiti laini, husuguliwa kwa chumvi na ndimu, ukasuzwa mara tatu, na maji ya mara ya tatu lazima yabaki meupe. Zile kurasa za tumbo la kitabu hufunuliwa moja moja kama mtu anayetafuta sura. Kazi hii peke yake ilituchukua asubuhi nzima. Nilikuwa nimemwona mama akiifanya maelfu ya mara, nikiwa nimeketi mlangoni na kitabu cha shule, wala sikuwahi kuinua macho.

Katika mazungumzo hayo nilijifunza na mambo ambayo sikuyatafuta. Habaryar alinionya kuhusu nyongo: kwa mbuzi, kifuko cha nyongo kikipasuka juu ya ini, ini lote limeharibika. "Ngamia hana taabu hiyo," akasema, "Mungu hakumpa nyongo." Nilidhani ni hadithi ya wafugaji. Nilipotafuta katika maandishi ya elimu ya wanyama nikakuta ni kweli tupu: ngamia hana kifuko cha nyongo. Tumbo lake pia lina vyumba vitatu badala ya vinne vya mbuzi na ng'ombe, na lile la kitabu halimo. Habaryar, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, alikuwa akilijua hilo pia, kwani ndiyo sababu aliyonipa ya mama kupenda matumbo ya mbuzi kuliko ya ngamia: "Alipenda kitabu."

Tulipomaliza kuosha, alitenga shahamu, yale mafuta meupe mfano wa wavu yanayoshikamana na utumbo, akayaweka kando kama kitu cha thamani. Matumbo yalipoiva na kukatwa, shahamu ndiyo iliyotangulia sufuriani juu ya moto mdogo, ikayeyuka, kisha vipande vikafuata na kuachwa vikoroge sauti yao polepole mpaka maji yote yaondoke. Nilionja. Yalikuwa karibu sana, lakini hayakuwa yenyewe. Kulikuwa na pengo ambalo ulimi uliliona ila akili haikuweza kulitaja. Habaryar naye alionja, akatikisa kichwa, akauliza, "Samli hii umeitoa wapi?" Dukani, nikasema, ya mkebe.

Akaingia chumbani mwake, akarudi na chombo kidogo cha kufumwa chenye kifuniko, cheusi kwa uzee. Moyo wangu ulishtuka. Chombo hicho kilikuwa kikining'inia msumarini nyuma ya mlango wa jiko letu tangu nilipopata fahamu, nami nilikihesabu kuwa pambo. Vitu vya marehemu vilipogawanywa, yeye ndiye aliyekichukua. Wafugaji wa Kaskazini Mashariki hufukiza vyombo vyao vya maziwa na samli: hutia ndani makaa ya miti maalumu, hufunika, hutikisa, kisha huyamwaga na kuusugua ukuta wa ndani. Moshi huo husaidia maziwa yasiharibike upesi, na huyapa ladha ambayo aliyekulia nayo haisahau. Mama alinunua samli kwa wanawake waliotoka malishoni, akaihifadhi katika chombo kilichofukizwa. Siku hizi maziwa na samli nyingi huletwa mjini katika madumu ya plastiki, na dumu halifukiziki kwa makaa. Ladha ile niliyoitafuta katika matumbo haikuwa ndani ya matumbo kamwe. Ilikuwa moshi.

Habaryar akanituma Suq Mugdi kutafuta samli ya malishoni. Ilinichukua siku mbili kuipata. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliwamaliza mifugo wengi, na wanawake waliokuwa wakileta samli hawako tena wengi kama zamani. Asiyemiliki ng'ombe wala mbuzi wa maziwa atasindika nini?

Kabla sijaendelea, yafaa nijibu pingamizi moja ambalo ni la haki. Wapo watakaosema kwamba nyama ya ndani ni hatari, na kwamba ni heri ipotee. Garissa inaijua hatari hiyo kuliko miji mingi. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka katika wilaya yetu na kuenea kwingineko. Hadi ilipokoma mwaka 2007 ilikuwa imewaua watu zaidi ya 150 nchini. Ugonjwa huo humpata binadamu kwa kuumwa na mbu, na pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama aliyeambukizwa. Uchinjaji ulipigwa marufuku. Nyumbani kwetu tulikula maharagwe, na mama hakuinung'unikia amri hiyo hata siku moja. Baada ya hapo hakununua tena matumbo yasiyopitia kwa mkaguzi. Zaidi ya hayo alikuwa na ukaguzi wake: alilipasua ini na kulitazama, na akiona malengelenge yenye maji, ambayo wataalamu wanatuambia ni ya tegu wa mbwa, alilizika mbali ili mbwa wasilifikie. Asiyejua kukagua ndiye aliye hatarini, na anayejua hujifunza kwa kuonyeshwa. Kwa hiyo hoja ya afya hainirudishi nyuma. Inanipa sababu zaidi ya kutaka ujuzi huu urithishwe kwa ukamilifu wake, si ladha peke yake.

Na hapa ndipo lilipo lawama langu kwetu sisi. Tunapokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, hutoka na vinasa sauti tukitafuta ngano, vitendawili na nyimbo za harusi. Tunamketisha bibi mbele ya jiko lake na kumwomba atuhadithie habari za sungura na fisi, huku sufuria ikitokota nyuma yake. Hatumuulizi kilichomo. Nilipoyaandika upya maelezo ya habaryar nilipata kurasa kumi na moja, na ndani yake kulikuwa na vitenzi ambavyo sikuwahi kuvitumia katika insha yoyote: kukwangua, kuparuza, kupindua, kusuza, kufukiza. Naweza kuieleza tofauti ya fonimu na alofoni usiku wa manane, lakini nilipoambiwa nitenge bandama na figo nilisimama kama mgeni. Lugha zetu zimejaa viungo hivi. Mswahili humwita mpenziwe "nyonga mkalia ini", na jambo likiharibika husema limetumbukia nyongo. Msomali naye ana neno beerlaxawsi, maneno ya kumlainisha mtu moyo, ambalo ndani yake limo ini. Tunazichambua tamathali hizi darasani bila kuligusa ini lenyewe.

Wanaume tunastahili lawama la ziada. Ujuzi unaopita kwa mama kwenda kwa binti pekee huishia mlangoni pale ambapo binti hayupo, kama ilivyokaribia kutokea kwetu. Nimeambiwa na rafiki mmoja kwamba kijana wa Kisomali kuandika habari za kupindua utumbo ni kujishushia hadhi. Sina jibu refu kwake. Malishoni, wachungaji wa ngamia wanaokaa miezi bila wanawake hujipikia, na hakuna anayewahesabu kuwa si wanaume. Kizingiti cha jiko ni kirefu mjini tu.

Samli ilipopatikana, habaryar alikifukiza chombo upya mbele yangu, nikaandika kila hatua. Niliipika sufuria ya tatu peke yangu, yeye akiwa ameketi mlangoni, mahali pangu pa zamani, akiangalia bila kusema. Jioni nilimpelekea baba sinia, soor upande mmoja na matumbo upande wa pili, samli ikiwa bado inasinyaa juu yake. Ndugu zangu waliketi mbali kidogo wakijifanya wanasoma simu zao.

Baba alinawa, akasema bismillahi, akamega tonge. Alitafuna kwa muda mrefu. Nilingoja aseme kuwa ni yenyewe au si yenyewe. "Chumvi imezidi," akasema, akamega tonge la pili, na la tatu. Alipofika katikati ya sinia alisimamisha mkono, akaniangalia kana kwamba amekumbuka jambo.

"Umempelekea mama wa jirani?"

Nilikuwa nimesahau. Katika kurasa zote kumi na moja sikuwa nimeandika kwamba bakuli la kwanza, kabla ya sisi sote kula, lilivuka ua kwenda kwa ajuza mjane anayeishi nyuma yetu. Habaryar naye hakulitaja, labda kwa kuwa hakudhani ni jambo la kufundishwa. Nilirudi jikoni, nikapakua yaliyobaki katika bakuli, nikalifunika kwa sahani, nikatoka nje.